Mpiga Picha wa Thika Aanze na Kioo, Kompyuta Ifuate

Tangazo la kompyuta za eks-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, lina mpangilio wake, liwe limebandikwa mlangoni mwa duka mjini Thika, limewekwa Facebook au linaning'inia Luthuli Avenue jijini Nairobi. Kwanza jina la mashine: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Halafu prosesa, i5 au i7. Halafu RAM, halafu ukubwa wa diski. Kioo kikibahatika kutajwa, kinatajwa kwa inchi tu. Mnunuzi naye huuliza kwa mpangilio huo huo, na akishajibiwa kwamba mashine "iko fiti" hutoa pesa. Kwa karani wa hesabu au mwanafunzi anayeandika tasnifu, hapo hakuna neno. Lakini mtu anayekula kwa jasho la kupiga na kuhariri picha akinunua kwa mtindo huo, amenunua kinyumenyume. Rai yangu ni kwamba aanze na monita, katika monita atazame usahihi wa rangi kabla ya wingi wa nukta, kisha kompyuta inunuliwe kwa pesa zitakazobaki. Najua rai hii itapingwa, na baadhi ya pingamizi zina uzito, kwa hiyo nitaijenga hatua kwa hatua.

Tuanze na soko lenyewe, maana kazi ya picha katika ukanda huu si ya mchezo. Sensa ya 2019 iliipa Ruiru watu 490,120 na Thika 251,407. Katikati ya miji hiyo miwili, Juja, kuna Chuo Kikuu cha JKUAT; Thika ndiyo makao makuu ya Mount Kenya University; Ruiru kuna Zetech, na Kenyatta University iko hapo jirani, Kahawa. Kila mahafali maelfu ya familia hutaka picha ya joho, na hutaka iliyochapwa, iliyotiwa fremu, ya kutundikwa sebuleni kwa nyanya. Jumamosi kuna harusi, na maharusi wengi hupelekwa kupigwa picha kwenye bustani za Blue Post, kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika. Siku za kazi kuna wauza nguo na viatu wa mtandaoni, ambao mteja wao anaamua kwa kutazama picha peke yake. Katika kazi zote hizi, anachouza mpiga picha ni rangi na mwanga vilivyo mahali pake. Gauni la rangi ya maziwa lisitoke la njano, uso wa bibi harusi usitoke wa kijivu, na blauzi ya zambarau isimfikie mnunuzi akaona ni ya buluu na kuirudisha kwa gharama ya muuzaji.

Maamuzi hayo yote hufanywa kwa kutazama kioo. Kompyuta hupiga hesabu, nayo huipiga vilevile iwe ya shilingi elfu ishirini au laki mbili. Tofauti ni muda tu. Faili ya picha ina namba zile zile katika mashine zote mbili. Ila mhariri haoni namba, anaona kile ambacho kioo kimeamua kumwonyesha. Laptopu nyingi za ofisini, zile zinazofika kwetu baada ya kutumika Ulaya miaka minne au mitano, zilifungwa vioo vya kusomea barua pepe. Chukua EliteBook 840 G3, mashine imara inayopendwa sana. Baadhi yake zilitoka kiwandani na kioo cha aina ya TN chenye nukta 1366 kwa 768. Ukiinamisha kioo cha TN kidogo tu, weusi unageuka kijivu na sura ya mtu inabadilika, hivyo picha ile ile ni angavu ukiketi wima na ni giza ukiegemea kiti. Hata vioo vya aina ya IPS, vilivyo bora kwa pembe za kutazamia, katika laptopu za ofisini mara nyingi huandikwa kwamba vinafikia asilimia 45 ya kipimo cha rangi cha NTSC. Namba hiyo ikipimwa kwa kipimo cha sRGB, ambacho ndicho kiwango cha rangi cha intaneti na cha maabara nyingi za kuchapa picha, ni kama theluthi mbili au pungufu kidogo. Theluthi nzima ya rangi zinazotakiwa, hasa nyekundu na kijani zilizokolea, kioo hicho hakina. Mhariri anaona kitenge kimepauka, anakiongezea rangi hadi kimpendeze, na picha ikifunguliwa kwenye simu nzuri, kitenge kinawaka kama taa ya breki.

Kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko anavyohusika mpiga picha wa Stockholm au wa Tokyo, nalo ni ngozi. Kioo cha bei ya chini mara nyingi hufanya kazi kwa biti sita kwa kila rangi ya msingi. Maana yake kina ngazi 64 za nyekundu, 64 za kijani na 64 za buluu, na ngazi nyingine hubuniwa kwa kumeremetesha nukta haraka haraka ili jicho lidanganyike. Kioo cha biti nane kina ngazi 256 kwa kila rangi. Kwenye uso ulio karibu na mwanga upungufu huo haujionyeshi sana. Unajionyesha gizani, na gizani ndiko uzuri wa uso mweusi unakokaa: pale shavu linapoingia kwenye kivuli cha taya, pale shingo inapoachana na kola ya suti nyeusi. Wapange watu watatu wa ukoo mmoja kwenye kivuli cha mti, mmoja maji ya kunde, mmoja mweusi wa wastani, mmoja mweusi tititi. Kioo kibovu kitawafanya wawili wafanane na wa tatu apotee, asalie macho na meno. Mhariri akidhani kosa ni la picha, atavuta vivuli juu kwa nguvu, na yule mzee mweusi atatoka kwenye albamu akiwa na rangi ya majivu.

Historia inaonyesha kwamba kosa la namna hiyo haliji kwa bahati mbaya, bali huzaliwa na aliyechaguliwa kuwa kipimo. Katika enzi ya filamu, maabara za Kodak zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Msomi Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, aliifuatilia habari hiyo katika utafiti aliouchapisha 2009, akaeleza kwamba miongoni mwa mambo yaliyoisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia ni malalamiko ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Mbao na peremende zilisikilizwa. Leo makampuni yamebadilika kiasi: mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikinadi kwamba kamera yake imerekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, na 2022 ikatangaza kipimo cha rangi kumi za ngozi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Kamera zimepiga hatua, basi. Faili inayotoka kwenye kamera ya kisasa ina habari za kutosha kuhusu uso wa mtu yeyote. Inasikitisha kuona habari hizo zikipotea katika hatua ya mwisho, mezani kwa mhariri aliye mweusi mwenyewe na anayewajua hao watu kwa sura, kwa sababu tu kioo chake hakiwezi kuzionyesha.

Wapo watakaosema kwamba fundi mzoefu hahitaji kioo cha ghali, jicho lake linatosha. Namheshimu fundi mzoefu, lakini hoja hii inagongana na maumbile. Jicho la binadamu huzoea. Likikaa dakika chache mbele ya kioo chenye ubuluu, hukubali kwamba ule ubuluu ndio weupe, na tangu hapo kila uamuzi wake unaegemea upande mmoja bila mwenyewe kujua. Miaka ishirini ya kazi haiondoi tabia hiyo. Ndiyo maana wenye kazi nzito ya rangi hutumia kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kioo, kama vile Spyder ya Datacolor au vile vya Calibrite, kikasoma rangi zinazotoka kweli na kuiandikia kompyuta marekebisho. Weupe huwekwa kwenye nyuzi 6500 za Kelvin, gama 2.2, na mng'ao kwenye kandela kati ya 80 na 120 kwa mita ya mraba kwa anayechapa. Namba hiyo ya mwisho peke yake ingeokoa picha nyingi. Monita mpya huwashwa ikiwa na mng'ao wa 250 au zaidi ili ipendeze dukani. Mhariri huona picha ina mwanga tele, huipunguza au huiacha ilivyo, na karatasi isiyo na taa ndani yake hutoka na giza. Yale malalamiko kwamba maabara "imetia giza" mara nyingi chanzo chake ni kitufe cha mng'ao ambacho hakijaguswa tangu monita itolewe kwenye boksi.

Chumba nacho kina sehemu yake, na hiki hakigharimu mengi. Studio nyingi za Ruiru ni chumba kimoja cha ghorofa, dirisha linatazama ukuta wa jirani, pazia jekundu au la machungwa, balbu moja katikati ya dari. Pazia hilo huurusha wekundu wake juu ya kioo na juu ya karatasi unayoilinganisha nacho. Rangi ya kijivu ukutani nyuma ya meza na mbele yake, pazia zito lisilo na rangi kali, na taa isiyobadilika mchana na usiku vitafanya kazi kubwa kuliko kupandisha RAM kutoka gigabaiti 16 hadi 32.

Sasa tuje kwenye nukta, kwa kuwa hapo ndipo wauzaji wanapovutia wateja. Neno 4K lina mvuto, na lina maana halisi: nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni nane, mara nne ya zile milioni mbili za Full HD. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya nukta 6000 kwa 4000, kwa hiyo hata 4K huonyesha theluthi moja tu ya picha ukiitazama kwa ukubwa wake kamili, na Full HD huonyesha chini ya sehemu ya kumi. Anayesafisha ngozi, anayekata nywele kutoka kwenye mandharinyuma au anayekagua kama macho yamekaa sawa atanufaika na nukta nyingi, hilo silikatai. Lakini faida hiyo ina kikomo kinachopimika. Jicho lenye afya, kwa umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, hutenganisha nukta hadi kama 145 kwa inchi. Monita ya inchi 24 ya Full HD ina nukta 92 kwa inchi, ya inchi 27 yenye nukta 2560 kwa 1440 ina 109, na ya inchi 27 ya 4K ina 163. Kutoka 92 kwenda 109 macho hupumua. Kutoka hapo kwenda 163 kuna raha, hasa kwa anayesoma maandishi madogo siku nzima, ila sehemu ya mwisho ya nukta hizo jicho halizioni tena. Tena zina mtego wake. Picha ikitazamwa kwa nukta zilizobanana hivyo huonekana laini, mhariri huongeza ukali mpaka auone, na picha ile ikipelekwa kwenye bango au kwenye kioo cha kawaida, kingo za nyuso zina mstari mweupe kama zimekatwa kwa mkasi.

Kwa hiyo mtu akiwa na pesa za kuchagua kimoja kati ya 4K ya bei nafuu isiyo na ripoti yoyote ya rangi na monita ya 1440 inayofunika sRGB yote, ikiwa na karatasi ya vipimo vya kiwandani ndani ya boksi, namsihi achukue ya pili bila kusita. Nukta zilizopungua unazifidia kwa kuvuta picha karibu. Rangi ambayo kioo hakina, hakuna kitufe cha kuileta. Televisheni ya 4K, ambayo wengine huifanya monita kwa kuwa ni kubwa na ni rahisi, ndiyo ya kuogopwa zaidi: imetengenezwa ipendezeshe mpira na sinema, huongeza ukali na rangi yenyewe, na nyingine hupunguza ubora wa rangi zinapounganishwa na kompyuta, ukaona herufi nyekundu zina ukungu pembeni.

Yupo pia mnunuzi aliyekwisha kuamua kwamba lazima awe na 4K. Huyo aangalie tundu kabla ya kuangalia bei. HDMI ya toleo la 1.4, ambayo ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi za mtumba, hupitisha 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Kipanya kinaburuta, kuvuta picha kushoto na kulia kunachelewa, na mhariri huishia kuilaumu prosesa na kwenda kununua kompyuta nyingine bure. Laptopu hiyo hiyo, ikiwa na tundu la DisplayPort la toleo la 1.2, hutoa picha 60 kwa sekunde bila shida. Tofauti ya kazi laini na kazi ya kero ni waya mmoja, na muuzaji hana sababu ya kukuambia.

Nimesema kompyuta ifuate, sikusema isifikiriwe. Hesabu zake si ngumu. Picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa Photoshop kwa biti 16 inachukua kama megabaiti 144 kwa kila tabaka. Tabaka kumi ni gigabaiti moja na nusu, na hapo programu yenyewe, Windows na kivinjari havijahesabiwa. RAM ya gigabaiti 8 itasongwa, 16 itatosha kwa kazi nyingi za studio. Harusi yenye picha elfu mbili za RAW ni kama gigabaiti 50 au 60. Diski ya zamani ya kuzunguka, inayosoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, huinakili kwa dakika kumi. SSD ya kawaida, inayofika 500, huimaliza kwa dakika mbili. SSD, basi, ni lazima. Kuhusu prosesa, usitishwe na i7. Tazama namba inayofuata kistari: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8250U ni ya kizazi cha nane, na hiyo i5 ya pili ni bora kwako kuliko i7 nyingi za miaka iliyotangulia. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, kwa jumla hudai kizazi cha nane kwenda juu, yaani prosesa zilizoanza kutoka 2017. Mashine za kizazi cha sita na cha saba ni rahisi sokoni kwa sababu Ulaya inaziondoa, na anayezinunua leo kwa ajili ya biashara ananunua kitu kilichokwisha kufungiwa mlango. Kadi ya michoro yenye nguvu inahitajika kwa anayetegemea zana mpya za akili unde, kama ile ya kuondoa chenga ambayo Adobe iliiweka Lightroom mwaka 2023. Asiyezitumia aiweke kando kwa sasa.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la simu. Wateja, wanasema wapinzani, hawachapi tena. Wanataka picha kwenye WhatsApp, na WhatsApp inazibana hadi hakuna anayejua zilihaririwa kwenye kioo gani. Kweli WhatsApp inabana picha, ingawa tangu Agosti 2023 imeruhusu kuzituma kwa ubora wa HD. Ila kubana hupunguza nukta na hutia mikwaruzo midogo. Hakurekebishi ngozi iliyogeuka kijani. Na kule kutofautiana kwa simu za wateja ndiko kunakoipa hoja yangu nguvu. Simu ya huyu inaegemea ubuluu, ya yule unjano, nyingine ina mwanga mdogo kwa sababu mwenyewe anaokoa betri. Ukiwa na kioo sahihi, makosa ya simu hizo yanatawanyika kuizunguka picha nzuri, na wengi wataiona vizuri. Kioo chako kikiegemea upande mmoja, makosa yako yanajumlishwa kwenye ya kila mmoja wao. Nakubali, bila kulazimishwa, kwamba simu ya kisasa yenye kioo kizuri, ikiwekwa kwenye hali yake ya rangi asilia, inaweza kuwa sahihi kuliko laptopu ya ofisi. Hiyo ni sababu ya kuitumia kukagua kazi kabla ya kuituma. Kuhariri picha mia sita za harusi kwenye kiganja ni habari nyingine.

Wengine hutegemea maabara, wakisema itasawazisha yenyewe. Mashine za kuchapa zina usawazishaji wa kujiendesha, na nyingi huusukuma mwanga wa picha kuelekea kijivu cha katikati. Mtu mweusi aliyevaa suti nyeusi mbele ya ukuta wa giza, kwa mashine hiyo, ni picha iliyokosewa, nayo huinyanyua hadi suti iwe ya kijivu na uso uchujuke. Njia ya kulinda kazi yako ni kupeleka faili iliyo sawa na kuomba usawazishaji huo uzimwe, na ombi hilo halina maana kama mwenyewe huna uhakika na ulichopeleka. Anayechapisha albamu zake Nairobi anajua gharama ya kukosea: kilomita arobaini na kitu kwa matatu ya 237, siku imekwenda, na malipo ya kurasa mpya yanatoka mfukoni mwake kwa kuwa mteja hawezi kudaiwa mara mbili.

Umeme ni pingamizi la haki. Laptopu ina betri, monita haina, na sote tunakumbuka tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipokaa gizani kwa saa nyingi, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Jibu langu ni kwamba laptopu na monita si maadui. Mpiga picha anayezunguka anaweza kuwa na laptopu ya kizazi cha nane ya kubebea na kuchagulia picha, na monita nzuri mezani ya kuamulia rangi. Stima zikipotea anahifadhi kazi na kuendelea na kuchagua. Mwenye kompyuta ya mezani anahitaji UPS ndogo, na kwa kuwa monita ya inchi 27 ya ofisini kwa kawaida hula takriban wati 30, dakika za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu zitapatikana.

Linabaki suala la pesa, ambalo ndilo huzima mijadala ya namna hii. Tuseme mtu ana shilingi 100,000. Ningemshauri agawe katikati, nusu kwa mashine ya mtumba iliyo na sifa nilizozitaja na nusu kwa monita. Monita nazo huja kwa njia ya mtumba: Dell UltraSharp na HP za mfululizo wa Z hutoka kwenye ofisi zile zile zilizotupa laptopu. Zichunguze kwa picha mbili zilizohifadhiwa kwenye flashi. Ya kwanza iwe kijivu kitupu, ujaze kioo kizima na uangalie kama pembe moja ina unjano au madoa ya giza, dalili ya taa za ndani zilizochoka. Ya pili iwe na ngazi kutoka weusi hadi kijivu kilichokolea. Ngazi za mwanzo zikimezwa zote pamoja, mrudishie muuzaji. Asiyeweza kununua hata monita ya mtumba kwa sasa atumie namba ambazo programu humwonyesha anapoweka kipanya juu ya uso: katika ngozi ya karibu kila binadamu chini ya mwanga wa kawaida, nyekundu huwa juu, kijani hufuata, buluu huwa chini. Buluu ikipanda juu ya kijani kwenye shavu la mtu, picha ina kasoro hata kama kioo kinasema imependeza.

Kifaa cha kupima rangi ndicho watu hukiona anasa, kwa sababu unakitumia dakika kumi kwa mwezi na siku nyingine zote kimelala kabatini. Kiambu, yenye Thika na Ruiru, ni kaunti ya vyama. Watu huchangishana kununua viti vya kukodisha, tangi za maji na mashamba. Wapiga picha kumi wa Thika, au wa Ruiru, wanaweza kununua kifaa kimoja na kukizungusha, kila studio siku yake ya mwezi, na programu huria ya ArgyllCMS huvisoma vingi vya vifaa hivyo bila ada ya leseni. Vyuo vinavyofundisha habari na sanaa za picha hapa kwetu vingefanya vyema kuwa na chao na kuwaazima wahitimu kwa ada ndogo, maana ndio hao watakaopiga picha za mahafali ya mwaka ujao. Wapiga picha hao kumi wakikutana kwa ajili ya kifaa chao, walete na picha moja ya majaribio, yenye nyuso tatu za rangi tofauti, waichape katika maabara moja na kuilinganisha na vioo vyao vyote kumi. Tofauti zitakazoonekana mezani siku hiyo zitamwambia kila mmoja pesa zake zinazofuata ziende wapi.